Je, namba 10 kwenye kadi ya Mbappé ni ya kuaminika?

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni fundi simu, nina kibanda Mtaa wa Rwagasore hapa Mwanza. Shemeji yangu anayeishi Kanada alinizawadia kadi mbili za kukusanya za mwanasoka Kylian Mbappé, zote za toleo la Panini Prizm la Kombe la Dunia 2018. Moja imo ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo ya PSA na namba 10. Nyingine iko wazi. Nimeziweka zote chini ya darubini yangu ya kazi. Ile ya 10 ina kialama cheupe kwenye kona ya nyuma, na hii iliyo wazi naiona safi zaidi. Rafiki yangu anasema gredi zote ni ujanja wa kibiashara, shemeji anasema ni sayansi. Nimwamini nani? Na hii iliyo wazi niipeleke ikagrediwe? Pia kuna mtu ananitumia kwa WhatsApp picha za kadi zenye gredi, anataka kuniuzia.

Marahaba, mwanangu. Ile namba iliyo kwenye lebo ni gredi, yaani alama ambayo kampuni ya ukaguzi kama PSA huipa kadi, 10 ikiwa ndiyo ya juu. Inajibu maswali matatu kwa mpigo, na majibu hayo hayana uzito mmoja. Kadi ni halisi au ya kughushi? Imechezewa baada ya kutoka kiwandani, kwa kukatwa, kupakwa rangi au kunyooshwa? Na hali yake ikoje? Kwenye swali la kwanza, kampuni kubwa za gredi ziamini sana. Kwenye la pili ziamini huku macho yako yakiwa wazi. Kwenye la tatu, hasa ukishafika kati ya 9 na 10, unachonunua ni maoni ya mtu aliyeitazama kadi hiyo kwa muda mfupi. Kinachonisumbua miaka yote ni kwamba pesa nyingi zimewekwa hapo hapo kwenye swali la tatu. Watu wanalipa tofauti kubwa kabisa pale ambapo jicho la binadamu ni dhaifu kabisa. Hilo ukilishika, mengine yote nitakayokuambia utayaona yanatoka humo.

Mimi nimekaa miaka mingi kwenye uchapaji, viwanda vya Nyakato, kwa hiyo karatasi naiangalia kwa jicho la mtu aliyewahi kuikata. Kadi hizi huchapwa nyingi kwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa, kisha mashine huzikata moja moja. Ukubwa uliozoeleka ni inchi 2.5 kwa 3.5, yaani milimita 63.5 kwa 88.9. Karatasi ikihama kidogo chini ya kisu, picha inaegemea upande mmoja. Kisu kikiwa butu, ukingo unatoka na nyuzinyuzi. Zile za uso wa kung'aa kama Prizm zina matatizo yake ya ziada: mistari myembamba ya uchapaji, vishimo vidogo, mikwaruzo ya kadi kusuguana ndani ya pakiti. Ndiyo maana kadi mbili zilizofunguliwa siku moja kutoka boksi moja huwa tofauti hata kabla ya mkono wa mtu kuzigusa.

Tuanze na uhalisi, na hapa sitakaa sana kwa sababu ni upande wenye nguvu. PSA ilianzishwa Marekani mwaka 1991. SGC ikafuata mwaka 1998, na Beckett, ambayo tayari ilikuwa na jina kwa majarida yake ya bei, ikaanza kugredi mwaka 1999. Wote hawa wamepitisha mikononi mamilioni ya kadi, na kadi ya kughushi inapokuja wanayo ya kweli ya kulinganisha nayo: jinsi vidoti vya wino vilivyopangwa, unene wa karatasi, mng'ao wake, rangi ya ukingo inapotazamwa kwa pembeni. Kwa kadi za zamani sana kuna kipimo ambacho hata wewe unaweza kukifanya. Karatasi za kabla ya miaka ya 1950 kwa kawaida hazikuwekewa zile kemikali za kuifanya karatasi iwe nyeupe zaidi, kwa hiyo chini ya taa ya zambarau, ile ile ambayo wenye maduka hapa mjini hukagulia noti, hazing'ai. Ukiletewa kadi inayosemwa ni ya mwaka 1910 nayo ikang'aa samawati kama shati jipya, iache. Mbappé wako ni wa 2018, taa hiyo haitakuambia kitu. Ila kwa kadi ya kisasa, kasha la kweli kutoka kampuni inayojulikana ni ushahidi mzuri kabisa kwamba kadi ni halisi. Nimesema kasha la kweli, na hilo nitalirudia tukifika kwa huyo mtu wako wa WhatsApp.

Swali la pili lina historia chungu, na kila mkusanyaji anapaswa kuijua.

Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya tumbaku ya American Tobacco ilitia ndani ya pakiti za sigara kadi za wachezaji wa besiboli. Wakusanyaji huita toleo hilo T206. Ya mchezaji Honus Wagner ni adimu mno, na kati ya zilizobaki moja ilikuwa na kingo kali na pembe zilizonyooka kuliko zote. Mwaka 1991 mcheza magongo ya barafuni mashuhuri, Wayne Gretzky, akishirikiana na mfanyabiashara Bruce McNall, aliinunua kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000. PSA ilikuwa ndiyo inaanza. Kadi hiyo ndiyo iliyopewa cheti chake cha kwanza kabisa, na gredi ya 8. Jina la kampuni lilipanda pamoja na jina la kadi. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.35, na kabla mwaka huo haujaisha ikauzwa tena dola milioni 2.8 kwa Ken Kendrick, mmiliki wa timu ya Arizona Diamondbacks.

Minong'ono kwamba kingo zile ni safi kupita kiasi ilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 2013 Bill Mastro, dalali maarufu wa minada ambaye kadi hiyo iliwahi kupita mikononi mwake kabla ya Gretzky, alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama ya shirikisho, na katika kukiri huko akasema kwamba yeye mwenyewe aliikata pembeni. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Angalia uzito wa jambo hili. Kanuni za PSA zenyewe zinasema kadi iliyokatwa haistahili namba yoyote. Na kadi iliyojenga jina la biashara nzima ilikuwa imekatwa.

Mtu wa uchapaji haoni ajabu kwamba iliwapita. Ukingo uliokatwa upya kwa kisu kikali unang'aa, hauna vumbi la miaka, na mara nyingi una mkunjo mdogo sana kwenda upande mmoja. Fundi mwenye subira anajua kuyaficha hayo. Kipimo cha rula hakitoshi, maana kiwanda chenyewe kilikata kadi nyingine kubwa kidogo kuliko zinavyotakiwa, hivyo mkataji anaweza kuondoa robo ya milimita na bado akabaki ndani ya vipimo. Mwaka 2019 wakusanyaji wa Marekani walifanya kazi ambayo kampuni hazikuwa zimeifanya. Walichimbua picha za minada ya zamani, wakaziweka kando ya picha za minada mipya, wakaonyesha kadi ile ile, kwa doa lile lile la wino, ikiwa na kona iliyochakaa mwanzoni, kisha ikiwa na kona kali na gredi kubwa zaidi. Vyombo vya habari vikaripoti kwamba FBI inachunguza. Baada ya hapo PSA, mwaka 2021, ilinunua kampuni ya teknolojia iitwayo Genamint, ambayo programu yake hupiga kadi picha na kuitambua ikirudi tena, na hivyo kugundua kama imepungua au imebadilika. Hiyo ni hatua ya kweli na naipongeza. Lakini inaikamata kadi ambayo iliwahi kupigwa picha. Ambayo ilikatwa kabla ya kufika kwao kwa mara ya kwanza bado inategemea macho.

Kwa kadi kama yako hofu yangu si kubwa. Kadi ya 2018 ilitoka kiwandani ikiwa na hali nzuri, na anayetaka 10 ana njia rahisi kuliko kukata: anatafuta nyingine. Kinachofanyika zaidi kwenye kadi za kung'aa ni kuzipangusa uso kwa kitambaa na dawa za kung'arishia. Ukiona mng'ao wa sehemu moja unatofautiana na sehemu nyingine unapoizungusha chini ya taa, jiulize.

Sasa tufike kwenye hali ya kadi, ambako darubini yako imekutia wasiwasi.

Wanaogredi huangalia mambo manne: picha imekaa katikati kiasi gani, pembe, kingo, na uso. Beckett huweza kuandika alama ya kila kimoja kwenye lebo, na mimi huo utaratibu naupenda sana kwa sababu unaona ni wapi kadi ilipoteza. PSA hukupa namba moja tu. Kati ya hayo manne, linalopimika kwa rula ni la kwanza peke yake. Kwa 10, PSA hutaka mbele isizidi takriban asilimia 55 kwa 45. Kwa 9, inaruhusu hadi takriban 60 kwa 40. Chukua kadi yenye pambizo ambazo kushoto na kulia zikijumlishwa ni milimita 4. Hamsini na tano kwa arobaini na tano ni milimita 2.2 upande mmoja na 1.8 upande wa pili. Sitini kwa arobaini ni 2.4 na 1.6. Gredi ya 10 na ya 9 zimetenganishwa na milimita 0.2. Na hilo ndilo jambo linalopimika! Pembe, kingo na uso hupimwa kwa kuzoea. Mkaguzi mmoja ataona kidoti cheupe akasema kimetoka kiwandani, hakidhuru. Mwenzake, kwenye kadi hiyo hiyo, atasema kona imeguswa.

Ongeza wingi wa kazi. Mwezi Machi 2021, wakati watu waliokuwa wamefungiwa majumbani walipozikimbilia kadi, PSA ilifurikwa kiasi cha kusimamisha kupokea huduma zake nyingi. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilipitisha kadi zaidi ya milioni 15. Zigawe kwa siku za mwaka, Jumapili na sikukuu zikiwemo, upate zaidi ya 40,000 kwa siku. Hata ukiwa na jeshi la wakaguzi, hakuna kadi inayopata muda ambao wewe umeipa yako pale kibandani.

Hapo naomba nikutulize kuhusu darubini. Darubini ya kurekebishia simu imetengenezwa ili uone mguu wa kipande kidogo kuliko punje ya ulezi. Chini yake kila kona ya karatasi ni msitu. Wanaogredi hufanya kazi kwa macho, taa kali na lenzi ndogo ya kukuza mara kumi hivi. Kadi yoyote ukiikuza mara arobaini itakuonyesha aibu zake, na 10 haijawahi kumaanisha kwamba haina aibu. Viwango vya PSA vyenyewe huiruhusu 10 iwe na dosari ndogo ya uchapaji isiyoharibu sura ya jumla. Kwa hiyo rudia jaribio. Tumia lenzi ya mkono ya fundi saa, taa moja ikimulika kutoka pembeni, kadi zote mbili zikae kando kwa kando, na umwombe mtu mwingine asiyejua ipi ni ya 10 aseme ipi safi zaidi. Plastiki ya kasha nayo ina mikwaruzo na hurudisha mwanga, kwa hiyo kadi iliyo wazi mara nyingi inaonekana safi kuliko iliyofungwa hata kama zinalingana. Ukishafanya hivyo na bado kialama cheupe kinaonekana kwa macho matupu, basi 10 yako ni 10 ya bahati. Zipo nyingi.

Na kwa nini zipo nyingi? Hili wengi hawalifikirii. Ungetarajia makosa ya wakaguzi yalingane, mengine yakipandisha, mengine yakishusha. Sokoni hayalingani. Mwenye kadi iliyostahili 10 akapewa 9 hulivunja kasha, akaituma tena, na tena, hadi apate 10. Mwenye kadi iliyostahili 9 akapewa 10 hairudishi kamwe, anaiuza. Kosa la kushusha linasahihishwa na mwenye kadi, kosa la kupandisha linabaki milele ndani ya plastiki. Ukikusanya kadi zote za gredi 10 za toleo moja utakuta kati yake zilizostahili 9 zikabahatika, wakati kwenye rundo la gredi 9 zile zilizoonewa zimekwisha kuondoka. Tabia hiyo ya kuvunja na kurudisha pia huchafua zile orodha zinazoonyesha kadi ngapi zina gredi gani, maana kadi moja iliyopita mara tatu inaweza kuhesabiwa kama kadi tatu iwapo mwenyewe hakurudisha lebo za zamani.

Kuna na suala la nani anamlipa mkaguzi. Watu wa kanda hii wanalielewa upesi. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu akifika kituoni na mzigo wake, anayesema hii ni safi na hii ni fifi yumo upande wa mnunuzi au ushirika, na mkulima analalamika kwamba mizani ya macho inaegemea chini. Kwenye kadi, anayelipia gredi ni mwenye kadi anayetaka kuuza, kwa hiyo mvuto unaegemea juu. Zaidi ya hapo, ada za PSA hupangwa kwa thamani ya kadi, na kadi ikipata gredi inayoipeleka kwenye thamani kubwa kuliko uliyoitaja, unaongezewa ada. Sisemi kwamba mkaguzi aliyekaa mezani anajua au anajali hilo, na sina sababu ya kumshuku. Nasema tu kwamba mfumo ambamo kampuni hupata zaidi namba inapokuwa kubwa unahitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko unavyoangaliwa. Na ushindani, ambao ungewapa nidhamu, unapungua: tangu mwaka 2024 PSA na SGC ziko chini ya mwenye mali mmoja, kampuni ya Collectors. Zipo zinazojaribu njia nyingine. TAG hutumia picha za kompyuta na kutoa alama kwa kipimo cha hadi 1,000, na mmiliki anaonyeshwa kila dosari ilipo. Naifuatilia kwa matumaini, ingawa sokoni kadi zake bado haziuziki kwa wepesi wa zile za PSA.

Kwa hiyo rafiki yako anayesema yote ni ujanja, mwambie hivi: bila kampuni hizi, mtu wa Mwanza asingeweza kununua kadi kwa mtu wa Toronto asiyeonana naye. Zilimaliza sehemu kubwa ya kughushi, na kasha lenyewe hulinda kadi. Shemeji naye anayeita sayansi, mwonyeshe milimita 0.2.

Hii iliyo wazi uipeleke? Piga hesabu kwanza. Huduma ya chini kabisa kwa kadi moja mwaka 2025 ilikuwa dola ishirini na kitu. Ongeza usafirishaji wa kwenda California na kurudi wenye bima, ambao kwa kadi moja kutoka hapa unaweza kuizidi ada yenyewe. Kadi ikirudi na huna nyaraka za kuonyesha kwamba ilitoka hapa hapa, forodha inaweza kuihesabu kama bidhaa inayoingia, na ukadaiwa kodi ikiwemo VAT ya asilimia 18. Tuseme, kwa mfano tu, gharama zote ni dola 60, sawa na shilingi 150,000 ukihesabu dola kwa 2,500. Tuseme kadi kama yako ikiwa wazi inauzika dola 60, ikiwa na 9 dola 80, ikiwa na 10 dola 250. Ukipata 9 umepoteza dola 40. Ukipata 10 umevuna 130. Ili usipate hasara kwa wastani unahitaji uhakika wa karibu robo kwamba itatoka 10, na hapo sijahesabu uwezekano wa 8, ambayo kwa kadi ya kisasa mara nyingi huuzika chini ya kadi iliyo wazi, kwa kuwa kadi iliyo wazi bado ina matumaini ndani yake. Weka bei za kweli za wiki hii badala ya za mfano wangu, ukitazama mauzo yaliyokamilika, siyo bei ambazo watu wanaota.

Kisha tazama orodha ya PSA ujue 10 ngapi za kadi hiyo zipo. Kwa kadi za kisasa 10 si adimu kama sauti ya namba inavyodanganya, kwa kuwa mwaka 2018 watu walikuwa wakitoa kadi kwenye pakiti na kuitia kwenye mfuko wa plastiki dakika hiyo hiyo. Kadi ya mcheza kikapu Michael Jordan ya kampuni ya Fleer ya mwaka 1986 ina 10 za PSA mia tatu na kitu tu dunia nzima, nayo Januari 2021 ilifika dola 738,000, kisha kabla mwaka huo haujaisha zikawa zinauzwa chini ya nusu ya hapo. Gredi haikubadilika hata kidogo. Lililobadilika ni hamu ya watu. Kama hata Jordan ilianguka hivyo, usijenge mpango wa ada ya shule juu ya Mbappé.

Ushauri wangu: pima pambizo za mbele na nyuma kwa rula yenye alama za nusu milimita. Nyuma PSA huvumilia hadi takriban 75 kwa 25 kwenye 10, kwa hiyo nyuma isikutishe mapema. Mbele ikizidi 55 kwa 45 waziwazi, habari imeishia hapo, baki nayo kama ilivyo. Ikipita, angalia uso chini ya taa ya pembeni ukiizungusha taratibu. Mstari mmoja wa uchapaji unaokatiza uso wa mchezaji unatosha kuishusha.

Huyo wa WhatsApp sasa. Hapa ndipo ninapoogopa kweli kweli kwa niaba yako, kwa sababu makasha ya bandia yapo, na mengine yametengenezwa vizuri. Usinunue kwa picha ya mbele peke yake. Mwombe namba ya cheti, uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, usikubali picha ya skrini anayokutumia yeye. Namba kukubali hakutoshi, kwani walaghai hunakili namba ya kweli ya kadi ya mtu mwingine. Kama tovuti ina picha ya kadi iliyogrediwa, ifananishe na yake kama unavyofananisha alama za vidole: pambizo zimeegemea wapi, kidoti gani kiko karibu na jina, mstari gani uko kwenye bega. Mwombe video fupi akilizungusha kasha, uone mshono wa pembeni. Kasha la kweli limeunganishwa kwa mawimbi ya sauti, na mshono wake ni wa ukungu ulio sawa pande zote. Ukiona gundi, mpasuko mdogo kwenye kona, au lebo iliyokaa upande, achana nayo. Akikataa video, amekwisha kukujibu. Na bei ikiwa chini ya nusu ya bei ya soko, usijiulize kwa nini ana roho nzuri.

Nyumbani, usiamini kwamba kasha ni boksi lisilopitisha hewa. Hapa ziwani unyevu wa masika unaingia kila mahali, na kadi za kung'aa zina tabaka linalofanana na foili upande mmoja na karatasi upande wa pili, ambavyo hunyonya unyevu kwa viwango tofauti. Ndiyo maana hujikunja kama ganda. Iliyo wazi itie kwenye mfuko laini, kisha kwenye kishikizo kigumu, zote mbili ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya simu. Kibandani kwako vipo vingi. Usiziweke dirishani, wala juu ya friji ambako joto hupanda na kushuka.

Na kama vipimo vikikuridhisha, usiitume kutoka hapa. Shemeji akija likizo mkabidhi hiyo iliyo wazi, aipeleke akiwa Kanada pamoja na zake, ili gharama ya kutuma igawanyike kwa kadi kumi au ishirini. Kabla ya kumpa, ipige picha mbele, nyuma na kila kona, uzihifadhi picha hizo mahali ambapo hazitapotea na simu.